Laikeni planasi inayochubua mdomo na sehemu za siri: mwongozo kamili wa kuitibu ukiwa Moshi au Arusha

Kama unasoma hii saa nane usiku, fizi zinawaka na umelala njaa manake hata wali umekushinda, pole sana ndugu yangu, nakujua bila kukuona. Mimi niko na hii kitu mwaka wa 9 sasa, naishi Moshi, ilianza mdomoni baadaye ikashuka na huko chini. Miaka 2 ya mwanzo niliipoteza bure kabisa na si kwamba dawa ilikosekana, dawa nilikuwa nayo kwenye mkoba, ila nilikuwa naipaka vibaya na hakuna hata mmoja aliyeniuliza mama unaipakaje. Ndio maana hapa chini nitakaa sana kwenye kupaka, mengine nitayapita.

Kwanza ujue una nini

Laikeni planasi ni pale kinga ya mwili wako mwenyewe inapogeuka na kushambulia ngozi yako. Askari wa kinga wanavamia tabaka la chini la ngozi na kuziua seli zake, basi tabaka la juu linakosa pa kushikilia. Kwenye ngozi ya nje inatoa vipele bapa vinavyowasha, vya rangi ya zambarau, kwetu sisi weusi vinaonekana zaidi kahawia au kijivu, na vingi vinaisha vyenyewe ndani ya mwaka 1 au 2 vikiacha madoa meusi. Ila kwenye ngozi laini ya ndani, yani mdomoni, ukeni, kwenye kichwa cha uume, hapo inakaa miaka. Na ile aina ya kuchubua ndio inayouma, ngozi inabanduka inabaki nyama mbichi nyekundu, chai inakuwa moto wa mkaa na mswaki unakuwa adhabu.

Chukua tochi ya simu na kioo uangalie ndani ya mashavu pande zote mbili. Ukiona mistari myeupe imepishanapishana kama vile vitambaa vya kufuma vya makochi ya mama zetu, na ukikwangua haitoki, hiyo ni dalili kubwa. Fangasi huwa utando wake mara nyingi unakwanguka, huu haukwanguki. Kwa wengine mistari haionekani vizuri, wana fizi tu, nyekundu kuanzia kwenye jino mpaka juu, zinang'aa, zinabanduka ukizigusa. Wengi tunaoumwa ni wanawake wa miaka 30 hadi 60 ila wanaume pia wanapata.

Haiambukizi. Hii naiandika peke yake manake imevunja watu mioyo na ndoa. Haiambukizwi kwa kikombe, kwa busu wala kwa tendo la ndoa, si ukimwi, si ugonjwa wa zinaa, na hujarogwa. Kuna kipindi nyumbani kwangu kijiko changu kilikuwa kinawekwa pembeni, na kusema kweli kile kijiko kiliniuma kuliko fizi. Kama una mtu nyumbani anaumwa hivi, nakuomba kula naye sahani moja.

Na nyie wa Arusha, hasa wa upande wa Meru, najua mmezoea maji yenu ya floraidi kubeba lawama ya kila kitu cha mdomoni. Floraidi inayapaka meno kahawia, haichubui fizi. Kama fizi ni nyekundu na zinabanduka, usijifariji na maji, nenda kapimwe.

Hatua ya 1: wakate kinyama wapime

Usikubali kutibiwa kwa macho tu miezi na miezi. Mimi kwenye zahanati moja nilipewa dawa ya fangasi mara 4, alafu nikapimwa ukimwi mara 3 kwa kuwa hawakuamini majibu, na wala hakuna aliyewaza kukata kinyama.

Kupima ukimwi, kaswende na sukari ni sawa na ni lazima, vyote hivyo vinaleta au vinazidisha vidonda vya mdomoni, pima mara moja ujue, uendelee mbele. Omba na kipimo cha homa ya ini C, manake kuna watu wanakuwa na vyote viwili.

Bayopsi, yani huko kukata kinyama, ni ganzi kidogo, kinyama kidogo kama punje ya mahindi, nyuzi moja au mbili, unarudi nyumbani siku hiyohiyo. Kitu cha kumkumbusha daktari kwa heshima: kinyama kikatwe pembeni ya kidonda pakiwa na ngozi ambayo bado nzima, sio katikati ya kidonda, manake katikati pameshaliwa hapana cha kusoma. Na kama fizi au ngozi inabanduka sana wanatakiwa wakate vipande 2, kimoja cha kawaida kwenye formalini, ile dawa ya maji ya kuhifadhia kinyama, kingine cha kipimo cha imunofluoresensi ambacho hakitakiwi kuguswa na formalini kabisa. Cha pili kinatofautisha laikeni na magonjwa mawili yanayofanana nayo, pemfigasi na pemfigoidi. Pemfigasi isipotibiwa inaua, na pemfigoidi inaweza kuingia machoni ikamaliza uwezo wa kuona, kwaiyo hapa sio pa kubahatisha.

Kwa huku kwetu mahali pa kwanza kufikiria ni KCMC, hospitali ya rufaa hapa Moshi, pana kituo cha magonjwa ya ngozi kinachofundisha wataalamu wa nchi mbalimbali za Afrika tangu mwaka 1992, na idara ya meno ipo hapohapo. Kutoka Arusha ni kama kilomita 80, ukipanda gari la alfajiri unawahi foleni, kutoka stendi ya Moshi kuna daladala za KCMC zinapita muda wote. Kama uko na bima uliza kwanza rufaa yako ianzie wapi, usifike dirishani ndio ukaambiwa urudi.

Alafu andika dawa zote unazomeza. Kuna dawa zinazoleta kidonda kinachofanana kabisa na laikeni: za presha kama captopril, atenolol, methyldopa na zile za kukojoza, na za maumivu kama diclofenac na ibuprofen ambazo tunazimeza kama karanga. Usiache dawa ya presha kwa kichwa chako! Mpe daktari orodha aamue kama ibadilishwe, na hata ikibadilishwa kupona kunaweza kuchukua miezi.

Hatua ya 2: ondoa vinavyochokoza

Dawa ya mswaki ndio ya kwanza. Nyingi zina povu linalotoka kwenye kitu kinaitwa sodium lauryl sulfate, soma nyuma ya boksi, kama kipo tafuta ambayo haina, na ile ya ladha kali ya minti au mdalasini iache pia. Ukikosa kabisa, tumia kidogo sana ile ya watoto isiyo na ladha kali, au piga mswaki kwa maji matupu kwa wiki kadhaa mpaka moto upoe.

Lakini usiache kupiga mswaki. Hapa wengi tunakosea, fizi inauma unaiacha, uchafu unajaa kwenye shingo ya jino, fizi inazidi kuvimba na laikeni inapata nguvu. Nunua mswaki laini kabisa, uloweke kwenye maji vuguvugu dakika 2, piga taratibu kutoka kwenye fizi kwenda kwenye jino. Ikitoka damu kidogo endelea. Ugaga, ule uchafu mgumu uliogandia kwenye meno, muone daktari wa meno autoe kwa utaratibu, mwambie mapema una laikeni na uombe akutie ganzi. Kama kuna jino lenye ncha kali, meno ya bandia yanayosugua, au jino lililozibwa kwa ile madini ya kijivu na kidonda kimekaa palepale linapogusa, muoneshe.

Dawa za kusukutua zenye spiriti tupa. Sukutua maji ya chumvi, nusu kijiko cha chai kwenye glasi ya maji vuguvugu, au baikabonati ile ya kupikia kwa kipimo hichohicho, mara 3 au 4 kwa siku. Ndimu na chumvi ambayo kila shangazi atakushauri, HAPANA. Kuponda aspirini ukaiweka kwenye fizi, hapana, inaunguza ngozi inakuwa nyeupe inabanduka, unakuwa na vidonda viwili. GV ile ya zambarau nayo kwenye nyama mbichi inachoma na inaficha kidonda daktari asikione.

Sigara, ugoro, mirungi na pombe kali viache, sikuhubirii, nitaeleza sababu huko mwisho kwenye saratani.

Hatua ya 3: ule

Mtu asiyekula haponi. Na sisi watu wa huku Mungu katupa mtori. Ndizi zilizopondwa laini na nyama iliyoiva mpaka inasambaratika, usiweke pilipili, punguza chumvi, acha upoe uwe vuguvugu, hicho chakula kiliniokoa mwaka mzima. Kiburu laini, zile ndizi na maharage, sawa, loshoro inategemea, kuna watu uchachu wa maziwa mgando unawachoma na kuna wanaosema unawapoza, jaribu kijiko kimoja. Uji wa ulezi usiotiwa ndimu, parachichi, maziwa fresh, mayai ya kuvuruga, tikiti maji. Vya kukaa mbali navyo wakati kidonda kimewaka ni pilipili, kachumbari, nyanya nyingi, nanasi, machungwa, embe bichi, chipsi zilizokauka, ganda la mkate, mbege, na chai ya kuunguza. Chai ndio ngumu najua, mwezi wa 7 huku mlimani asubuhi ile baridi inakata masikio mtu anataka kikombe kinachofuka. Iache ipoe tu, utaizoea.

Dakika kama 10 kabla ya kula unaweza kutumia jeli ya lidokeini ya 2% ile ya kutia ganzi mdomoni, kidogo tu juu ya kidonda, inakupa nafasi ya kumaliza sahani. Usipake nyingi mpaka kooni manake koo likifa ganzi utapaliwa, na mtoto asiiguse. Kuna na dawa ya kusukutua ya benzidamini 0.15%, inapunguza maumivu, ikikuchoma iongeze maji kiasi hichohicho. Barafu ya kunyonya ni bure na inasaidia kuliko watu wanavyodhani. Ila vyote hivi ni vya kutuliza, havitibu.

Hatua ya 4: dawa yenyewe, na hapa nisome taratibu

Dawa ya kwanza duniani kote ni steroidi kali ya kupaka, yani dawa inayotuliza kinga na uvimbe, na inayotumika zaidi ni klobetasoli, kwenye tyubu utaona wameandika clobetasol propionate 0.05%. Ndiyo, ni hiyohiyo wanayoitia kwenye mkorogo wa kujichubua, na najua ukiisikia unaogopa. Tofauti ni mahali, kiasi na muda. Aliyejipaka uso mzima na mikono miaka 5 ameumia kweli, wewe unapaka punje kwenye kidonda ukisimamiwa na daktari. Alafu kwenye tyubu wameandika ni kwa matumizi ya nje tu, hiyo nayo inatisha watu wanaiweka kabatini. Madaktari wa ngozi na wa meno wanaitumia mdomoni miaka mingi, ila iwe daktari ndiye aliyekuandikia kwa ajili ya mdomo.

Chagua oitimenti, ile ya mafuta mazito, sio krimu. Krimu ina maji na vihifadhi, inachoma na inaoshwa haraka. Na kuwa makini na zile tyubu zilizochanganywa steroidi, dawa ya fangasi na ya bakteria pamoja, maduka mengi watakupa hizo kwa kuwa ndizo zinazotoka sana, hizo sizo.

Sasa kupaka. Nilivyofika kliniki ya ngozi, aliyenihudumia alikuwa binti mdogo tu, umri wa mwanangu wa kwanza. Akasema shikamoo mama, nikaitikia, nikaweka tyubu mezani nikamwambia hii nimepaka mwaka mzima haijanisaidia kitu. Hakuniandikia nyingine. Akanipa kioo akasema, "Mama, hebu paka kama unavyopakaga nyumbani, nione." Nikaminya kwenye kidole, nikasugua fizi za juu kushoto kulia kama mtu anayesugua meno kwa mkaa. Akasema sasa jiangalie. Dawa ilishakuwa vipande vyeupe vinaelea, kimoja kimeteleza mpaka kwenye mdomo wa chini, na nilivyofunga mdomo nikakimeza. "Umeipaka kwenye mate mama, fizi haijaiona."

Mwaka mzima! Nilikuwa nalisha mate yangu steroidi. Basi alinifundisha hivi na mpaka leo nafanya hivihivi:

Kula kwanza, piga mswaki, sukutua, nenda haja zako zote, manake baada ya hapo hunywi wala huli nusu saa. Kaa mbele ya kioo penye mwanga. Kunja gozi safi, kile kitambaa chepesi cha kufungia vidonda (mimi siku hizi nakata khanga ya pamba iliyochakaa, nachemsha, naanika juani, napiga pasi) uisokomeze kati ya mdomo na fizi ikae dakika 1 nzima inyonye mate, usisugue, gandamiza tu. Wakati inakaa, minya dawa kwenye pamba ya masikio, kiasi cha punje ya mchele kwa kidonda kimoja, na mdomo mzima usizidi punje ya njegere. Toa gozi, na hapohapo kabla mate hayajarudi gandamiza dawa juu ya kidonda, usisugue kushoto kulia, gandamiza uhesabu mpaka 30. Fizi iliyokauka utaona dawa inashika kama mafuta kwenye karatasi. Mate yakijaa tema taratibu, usisukutue. Dakika 30 usinywe chochote na usiongee, zima simu, wenzako watajibiwa baadaye. Ukimaliza nawa mikono vizuri usije ukajipangusa macho.

Kwa fizi za nyuma ambazo hazifikiki kuna njia nyingine, kata ukanda mwembamba wa gozi, upake dawa upande mmoja, ulaze juu ya fizi ukae dakika 15 alafu utoe. Na kama fizi zote zimeshikwa, daktari wa meno anaweza kukuchukulia vipimo vya meno akakutengenezea trei laini ya plastiki inayofunika meno na fizi, unaweka dawa kidogo ndani unaivaa muda atakaokwambia. Inagharimu, ila kwa mtu mwenye fizi zote nyekundu ni hela iliyokwenda mahali pake.

Mara 2 hadi 3 kwa siku mwanzoni, na ya usiku ndio usiikose hata iweje, manake ukilala mate yanapungua na dawa inakaa muda mrefu. Mimi wiki ya 1 sikuona kitu, wiki ya 2 nikaona moto umepungua, wiki ya 3 nikala wali maharage. Kwa wengine inachukua wiki 6 au zaidi.

Alafu usiache siku unayojisikia nafuu. Ukiacha ghafla inarudi, nimeifanya hiyo kosa mara 2. Shuka ngazi: kutoka mara 2 kwa siku nenda mara 1, usiku tu, wiki 2 au zaidi, alafu siku moja unapaka moja unaruka, alafu mara 2 kwa wiki. Wengi wetu tunabaki hapo kwenye mara 2 kwa wiki muda mrefu. Ikiwaka tena, panda ngazi upya mapema, usisubiri ichubuke yote, na mwambie daktari wako.

Kama vidonda vimetapakaa mpaka kwenye kaakaa na pembeni ya ulimi ambako tyubu haifiki, kuna kusukutua kwa steroidi. Kidonge cha prednisoloni cha miligramu 5 kinachoyeyuka kinatiwa kwenye maji kijiko kikubwa kimoja, unazungusha mdomoni dakika 5 kamili ukiangalia saa, unatema yote, nusu saa huli hunywi. Au deksamethasoni ya maji, ile ya miligramu 0.5 kwenye kila mililita 5, kwa mtindo huohuo. Kutema ndio muhimu, ukimeza umeshakuwa kwenye steroidi ya mwili mzima bila mtu kujua.

Fangasi itakuja, jiandae

Steroidi ya mdomoni inalegeza kinga ya palepale na fangasi wanapata nafasi, hasa kama una sukari, una meno ya bandia, au mdomo mkavu. Dalili yake ni kwamba ulikuwa unapona ghafla moto unarudi na kuna utando mweupe unaokwanguka. Watu wanadhani dawa imegoma wanaongeza steroidi, inakuwa mbaya zaidi. Daktari atakupa nistatini ya maji ya kuzungusha mdomoni au jeli ya mikonazoli, wengine wanapewa tangu mwanzo kwa kujikinga. Kama unatumia warfarini ya kuyeyusha damu, jeli ya mikonazoli usiiguse, inapandisha nguvu ya warfarini mpaka mtu anavuja damu, na hili nimeona wauzaji wa maduka ya dawa hawaulizi.

Kama umepaka sawasawa miezi 2 au 3 bado inawaka

Nasisitiza umepaka sawasawa. Hapo rudi kwa daktari wa ngozi. Anaweza kukupa takrolimasi 0.1% ya kupaka, hii sio steroidi, siku za mwanzo inachoma kidogo alafu inatulia. Sindano ya triamsinoloni, steroidi nyingine, kwenye kidonda chenyewe inafaa kidonda kimoja kikaidi.

Ikiwa umeshindwa hata kunywa maji kuna prednisoloni ya kumeza, mara nyingi miligramu 30 hadi 40 asubuhi baada ya kula kwa wiki chache alafu inapunguzwa kidogokidogo. Hiyo inazima moto haraka ila sio dawa ya kukaa nayo. Na huku kwetu kabla ya kuianza lazima wakuangalie kifua kikuu, ukimwi, homa ya ini B, sukari, presha na minyoo, manake prednisoloni inaamsha vilivyolala. Usiinunue dukani ukajipa, nakuomba sana. Za muda mrefu zipo, haidroksiklorokwini ambayo inahitaji kupima macho, azathayoprini, methotrekseti, mikofenoleti, hizi zote ni vipimo vya damu mara kwa mara, na mbili za mwisho mama mjamzito au anayetafuta mimba haruhusiwi kabisa.

Huko chini

Tunaona aibu na ndio maana wengi wanafika wameshaharibika. Mwanamke mwenye laikeni ya fizi aulizwe huko chini, na mwenye vidonda huko chini aangaliwe fizi, hivi vitu vinatembea pamoja. Dalili ni kuwaka moto ukikojoa, mlango wa uke mwekundu unang'aa na una ukingo mweupe wa lesi, uchafu wa njano au wenye damu, na tendo la ndoa linakuwa kisu. Utapewa dawa za fangasi na za UTI mpaka uchoke.

Dawa ni klobetasoli oitimenti ileile. Usiku, osha kwa maji matupu, sabuni hapana, dettol hapana, mvuke na majani hapana. Kausha kwa kugandamiza taulo laini, chukua kioo ujue unapaka wapi, punje ya njegere inatosha sehemu yote. Kila usiku kwa wiki 4 hadi 12 kadiri daktari atakavyoona, alafu ngazi ileile ya kushuka. Asubuhi paka vaselini isiyo na manukato kama ngao, na kabla ya kukojoa ikiwa mkojo unachoma. Chupi ya pamba, usiku lala bila.

Ndani ya uke tyubu haifiki, kuna haidrokotisoni, nayo ni steroidi, ya kuweka ukeni usiku. Na hapa kuna jambo ambalo ukichelewa halirudi: kuta za uke zilizochubuka zikigusana zinashikana, njia inafunga. Kinachozuia ni dawa pamoja na vipanuzi vya uke, vijiti laini vya saizi tofauti, unaanza na kidogo kabisa na mafuta ya kutelezesha, kidonda kikishatulia, ukiongozwa na daktari wa wanawake. Ongea na mumeo, muoneshe hata hii, aelewe kwamba unaumwa wala hujamkataa.

Wanaume, kichwa cha uume chekundu kinachouma chenye mistari myeupe ni hiyohiyo, dawa ni hiyohiyo. Asiyetahiriwa govi linaweza kubana, hapo tohara inasaidia.

Ukiona chakula kinakwama kifuani wakati wa kumeza, sema, inaweza kuwa imeshuka kwenye umio na inahitaji kamera. Macho mekundu yanayowasha muda mrefu nayo sema.

Saratani

Ni ukweli na lazima ujue bila kutishana. Katika watu 100 wenye laikeni ya mdomoni, kama 1 anapata saratani mdomoni baada ya miaka, na aina ya kuchubua ndio yenye hatari zaidi. Ukeni na kwenye uume pia inaweza kutokea. Ndio maana nilisema sigara, ugoro na pombe viondoke. Kila baada ya miezi 6 mpaka 12 daktari aangalie hata kama hauumwi, na wewe mwenyewe kila mwezi jipige picha ndani ya mdomo kwa simu, mashavu yote mawili, fizi, pembeni za ulimi na chini yake. Usisubiri ahadi ya kliniki ukiona kidonda kimoja hakiponi wiki 3 wakati vingine vinapona, sehemu ngumu ukiishika kwa kidole, uvimbe unaokua, ganzi, au tezi shingoni. Nenda, na waambie wakate kinyama tena.

Siku ya kliniki beba hivi

Tyubu zote ulizotumia, hata zilizoisha, usizitupe, zifunge kwenye mfuko, manake jina la dawa kwa kumbukumbu halipatikani. Orodha ya dawa za presha na nyingine. Majibu ya bayopsi ya zamani, karatasi yenyewe. Picha za siku ilipowaka zaidi, kwa kuwa siku ya miadi kidonda huwa kimetulia na daktari anaona hamna kitu. Dawa ya mswaki unayotumia, boksi lake. Chupa ya maji na parachichi lililoiva la kula kwenye foleni. Na ukiingia kwa daktari, kabla hajakuandikia chochote, mwambie naomba kioo daktari, nikuoneshe ninavyopaka.